Nguo, viatu na koti la mvua kwa mpanda baskeli wa visiwani: namna ya kuchagua na kutunza

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili nilitoka Bububu, hapa Unguja, na koti la mvua jipya. Kwangu mimi lilikuwa jipya. Aliyelivaa kabla yangu alikuwa ameshachoka nalo. Mvua yenyewe manyunyu tu. Nilipofika Darajani nikalivua, nikakuta shati limegandamana na mgongo kwa jasho, na juu ya shati pamejaa magamba meupe kama ganda la yai lililopondwa. Utando wa ndani ya koti ulikuwa unabanduka. Nimerowa chapachapa, halafu nimechafuka, na pesa nimelipa.

Tangu siku hiyo sitafuti tena nguo isiyopitisha maji. Kwa joto letu, mtu akikanyaga pedeli kilomita kumi wakati wa masika atarowa tu, kama si kwa mvua basi kwa jasho. Ninachouliza sasa sokoni ni kitu kingine: nguo hii itakauka kwa muda gani, na ikishakauka mara mia itakuwa na hali gani? Hatua zote zinazofuata zimetoka katika swali hilo.

Hatua ya kwanza: pima safari yako kabla ya kufungua pochi

Anayekwenda sokoni na kurudi, kilomita mbili tatu, hahitaji nguo maalumu yoyote. Avae alivyo, ila akunje mguu wa kulia wa suruali au auchomeke ndani ya soksi, kwa sababu mnyororo uko upande huo. Basi.

Kuanzia kilomita tano hivi mambo hubadilika, na kuanzia kumi na tano makalio huanza kudai haki yake. Halafu kuna msimu. Masika, kati ya Machi na Mei, ndiyo mvua yenyewe. Vuli, kuanzia Oktoba, hupiga kwa vishindo vifupi na jua hurudi mara moja. Wakati wa kaskazi shida ni joto na jua la utosini. Wakati wa kusi hewa ni nzuri lakini upepo ni mkali, na anayetoka Paje kwenda Jambiani kwa baskeli mwezi wa Julai anajua kuwa shati pana likijaa upepo ni kama kupandisha tanga kinyumenyume.

Pemba ni habari nyingine. Kule kuna vilima, kwa hiyo unapanda ukitoka jasho na unateremka ukipigwa upepo na nguo mbichi. Na udongo mwekundu ukishika nguo nyeupe hautoki tena. Kwa Pemba chagua rangi ya kahawia au kijani kibichi, wala usione haya.

Hatua ya pili: kitambaa

Fanya jaribio hili uwani kwako. Chukua fulana ya pamba na jezi ya kawaida ya mpira wa miguu, ile ya poliesta, zichovye katika ndoo moja, zikamue kwa nguvu sawa, zianike kivulini kamba moja. Utakapoikuta jezi imekauka, shika ile fulana kwenye pindo na makwapani: bado mbichi. Pamba hunywa maji mpaka ndani ya uzi wenyewe. Poliesta haiyanywi, maji hukaa baina ya nyuzi na hupeperuka upesi.

Ndiyo maana jezi ya mpira, hata ya timu iliyoshuka daraja, ni nguo nzuri ya baskeli. Kasoro yake ni harufu. Mafuta ya ngozi hung'ang'ania poliesta kuliko pamba, na usipoifua siku ileile utaijua kwa pua kabla ya macho. Ukipata mchanganyiko wa pamba na poliesta kwa ajili ya kazini, si vibaya, ila uweke ndani ya mkoba, usipande nao baskeli.

Jinzi usivae. Ikirowa inakuwa nzito, inabana magoti, na ule mshono mnene wa katikati unakaa pale pale unapokalia. Suruali nyepesi ya mazoezi yenye lastiki miguuni inatosha.

Kwa safari ndefu ipo bukta ya kubana yenye pedi. Watu wengi huivaa vibaya: huvaa chupi ndani yake. Pedi ile imeshonwa ikae kwenye ngozi bila kitu katikati. Chupi huleta mishono, na mishono ndiyo inayochubua mapaja. Pedi nene pia si lazima iwe bora. Sponji laini likishazama, unakalia tandiko lilelile na juu yake una kitambaa kilichojikunja. Asiyependa kuonekana na nguo ya kubana, na visiwani wengi hatupendi, avae bukta pana au suruali juu yake. Hakuna atakayejua.

Baibui, hijabu na kanzu

Hapa sipiti haraka, maana miongozo mingi huandikwa kana kwamba watu wote duniani huvaa kaptula.

Hatari ya baibui kwenye baskeli iko sehemu mbili: pindo la kulia kwenye mnyororo na pindo la nyuma kwenye spoku za gurudumu. Dawa ya kwanza iko kwenye baskeli, si kwenye nguo. Tafuta fremu isiyo na bomba la juu, yenye kifuniko cha mnyororo. Gurudumu la nyuma lisukiwe wavu pande zote mbili: fundi hutoboa matundu madogo kwenye ukingo wa digadi, akavuta kamba ya nailoni kutoka kila tundu hadi karibu na ekseli. Kazi ya nusu saa. Baskeli za kike za zamani kutoka Uholanzi zilikuja na kinga hiyo, na zikipatikana hapa mara nyingi matundu yake bado yapo.

Dawa ya pili ni kwa fundi cherahani. Mwambie atie mpasuo ubavuni kuanzia goti kwenda chini, na ndani yake uvae suruali pana ya rangi ileile. Sitara inabaki, na goti linapanda bila kuvuta kitambaa. Binti wa dada yangu, aliyekuwa akienda skuli kwa baskeli, aliongeza ujanja wake: kitanzi cha lastiki ndani ya pindo, anakitia kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Akishuka anakitoa. Baibui la kitambaa kizito linaloning'inia ni salama kuliko lile jepesi linalopeperuka, ingawa kwa joto ndilo linalochosha. Chagua la katikati.

Hijabu iwe ya kuvaa moja kwa moja, isiyo na pini. Kofia ngumu hukandamiza pini kwenye fuvu, na ukianguka pini ile ni mwiba. Mtandio mrefu uingize mwisho wake ndani ya nguo, usiuache begani.

Kanzu haipandi baskeli. Nimeona wanaume wanaikunja kiunoni wakipiga kibwebwe, wakafika msikitini Ijumaa na mstari mweusi wa grisi kwenye pindo. Iviringe (usiikunje, mikunjo hubaki), itie kwenye mfuko, uivae ukifika. Na kofia ya viua nayo iwe ndani ya kitu kigumu, kibati cha biskuti ndicho changu, maana ikirowa wanga hutoka na kofia hulala kama chapati.

Hatua ya tatu: kuchambua mitumba

Nguo nyingi nzuri za baskeli hapa kwetu hutoka kwenye robota la mitumba, Darajani au Mwanakwerekwe. Nenda asubuhi siku wanayofungua robota jipya, na uende na vitu viwili: chupa ya maji na mikono misafi.

Koti la mvua ligeuze ndani nje. Sugua utando wa ndani kwa kidole gumba mara kumi, hasa mabegani na ndani ya kofia. Ukibaki na unga au gamba kidoleni, au ukihisi unata kama sukari iliyoyeyuka, liache. Utando ule ni aina ya plastiki inayovunjwa polepole na joto na unyevunyevu, na koti lililokaa miaka limekunjwa limeshakwisha hata kama nje linang'aa. Hakuna fundi wa kulirudisha. Hili ndilo jaribio ambalo sikulifanya siku ile.

Kisha angalia mishono. Koti la kweli lina utepe mwembamba uliobandikwa ndani juu ya kila mshono, kwa sababu kila tundu la sindano ni tundu la maji. Utepe ukiwa umebanduka kidogo unaweza kurudishiwa kwa gundi. Ukiwa unaning'inia kama tambi, rudisha koti. Mwisho muombe muuzaji ruhusa umwagie maji kidogo begani. Akikataa, umeshapata jibu.

Nguo ya kubana ivute kwa mikono miwili ukiinyanyua kwenye mwanga. Ukiona vinyuzi vyeupe vimechomoza, au kitambaa kikibaki na mawimbi ulipokiachia, lastiki imekufa. Bukta yenye pedi sinunui ya mtumba kabisa. Wengine hununua na kuichemsha; kuichemsha huua lastiki, kwa hiyo wamenunua hasara mbili.

Kupima, usisimame wima kama unayepima suti. Inama, nyoosha mikono mbele kama umeshika usukani. Mgongo ukibaki wazi na mikono ya koti ikirudi hadi katikati ya kigasha, hiyo nguo ni ya mtembea kwa miguu.

Hatua ya nne: mvua yenyewe

Kwenye makoti utaona namba: 5,000, 10,000, 20,000. Ni milimita. Huwekwa maji juu ya kitambaa na kupandishwa kimo mpaka kianze kuvuja. Koti la 10,000 hustahimili maji ya kimo cha mita 10. Kwa safari ya saa moja 5,000 zinatosha, na karatasi ya plastiki ya bei ya chini nayo haivuji hata kidogo. Tatizo haliko hapo.

Wauzaji wa Ulaya husifu makoti "yanayopumua". Kupumua kwake hutegemea kitu kimoja: hewa ya ndani ya koti iwe na joto na unyevu kuliko ya nje, ndipo mvuke wa jasho usukumwe utoke. Kule kwao nje ni baridi, koti linafanya kazi. Hapa mwezi wa Aprili ndani na nje ni ndugu wa tumbo moja. Mvuke hauna pa kwenda, hugeuka maji mgongoni. Usilipe pesa nyingi kwa sifa ambayo kisiwa hiki hakiitumii.

Tatizo hili si geni. Charles Macintosh wa Uskochi alipata hataza ya kitambaa chake cha mpira mwaka 1823, na makoti yale ya mwanzo yalilalamikiwa mambo mawili: yalinuka na yalinata wakati wa joto. Na huko ni Uskochi.

Kinachofaa kwetu ni joho la mvua lisilo na mikono, lililo wazi chini, upepo unaingia na kutoka. Likikosekana dukani, fundi cherahani atalishona kwa nailoni ya mwamvuli au turubai jepesi. Mpe maagizo haya:

1. Mbele lifunike viganja ukiwa umeshika usukani. Nyuma lifunike tandiko, lisivuke hapo.
2. Ndani, kwenye ncha za mbele, vitanzi viwili vya vidole gumba, ili upepo usilirushe usoni.
3. Nyuma ndani, mkanda mwembamba wa kufunga kiunoni.
4. Mishono iwe michache kadiri inavyowezekana, na usiwepo mmoja juu ya mabega. Joho likimaliza kushonwa, paka gundi ya mpira ndani ya kila mshono, acha ikauke siku nzima.
5. Kofia ndogo ya kuvutwa kwa kamba, isiyozuia kutazama nyuma.

Joho hili lina adui mmoja, upepo wa ubavuni. Ukivuma sana shuka, tafuta baraza, piga soga na wenyewe mpaka ipite. Mvua kubwa za hapa mara nyingi hazidumu, na barabara iliyofunikwa maji usiyoona chini yake si ya kupitwa kwa baskeli: mashimo na mitaro huwa wapi, huyajui.

Kapelo chini ya kofia ngumu huzuia matone yasiingie machoni. Suruali ya mvua sivai. Badala yake nina madigadi marefu, na mwisho wa digadi la mbele nimefunga ulimi uliokatwa kutoka ndara kuukuu, ukafika kiganja kimoja juu ya ardhi. Ulimi huo umeniokolea viatu kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Hatua ya tano: viatu

Ndara huteleza kwenye pedeli iliyorowa. Makubadhi ni ya ngozi na mvua huyaharibu. Sendo za plastiki zenye mkanda wa nyuma zinafaa kwa mvua na safari fupi, na katambuga la tairi linashika pedeli vizuri sana ukilizoea uzito wake. Kwa kila siku, raba yenye soli bapa, ngumu kiasi, isiyokunjika katikati. Soli laini ya kukimbilia huufanya wayo ujikunje juu ya pedeli, na baada ya saa moja vidole vinakufa ganzi.

Nilimpelekea fundi viatu mmoja raba ya mtumba, safi, soli imeanza kuachia mbele.

"Shikamoo mzee. Naomba unishonee hii."

"Marahaba." Akaikunja, akaubonyeza ukucha kwenye soli. Ikamegeka kama kashata. "Hii nikikushonea, mwanangu, nitakula pesa yako bure."

"Lakini mzee, sijaivaa hata mwezi."

"Wewe hujaivaa. Imelala kwenye robota muda gani, unajua?"

Soli za namna hiyo, zile nyepesi kama sponji gumu, huoza ndani kwa unyevu hata zikiwa hazijavaliwa. Kwa hiyo kabla ya kununua, kunja na ubonyeze ukucha kama alivyofanya yeye. Iliyo nzima ipeleke kwake siku hiyohiyo akaizungushie uzi wa nailoni soli nzima, usingoje iachie. Gundi peke yake haivuki masika.

Kuna viatu vya kunasa kwenye pedeli. Utaratibu wa boliti mbili wa Shimano ulitoka mwaka 1990, na chuma chake hukaa ndani ya shimo la soli, kwa hiyo unaweza kutembea juu ya mawe ya matumbawe na ndani ya duka bila kuteleza. Ule wa boliti tatu ni wa mashindano. Hapa utatembea kama bata. Boliti za viatu hivi zipake grisi kila mwezi, la sivyo hewa ya bahari itazigandisha zisifunguke tena.

Kamba za viatu zifungwe fundo mara mbili na ncha ziingizwe ndani.

Kiatu kikirowa: toa kamba, toa soli ya ndani, suuza matope, jaza gazeti lililokunjwakunjwa, baada ya saa moja badilisha gazeti, kisha kiache usiku kucha mahali penye upepo. Usikiweke juani wala karibu na jiko. Jua la saa saba huyeyusha gundi na kukunja ngozi. Mwenye jozi mbili azivae kwa zamu.

Kuonekana

Kizibao cha rangi ya kuwaka kama cha bodaboda kinafaa mchana na jioni kabla giza halijaingia. Usiku rangi ile haisaidii, kazi ni ya ule utepe unaorudisha mwanga wa taa ya gari. Bandika utepe huo na kwenye visigino pia, maana kitu kinachopanda na kushuka hutambulika upesi kuwa ni mtu. Usiupige pasi. Ukikwaruzika au ukijaa grisi, badilisha.

Hatua ya sita: kufua

Adui mkubwa hapa ni chumvi: ya jasho, na ya bahari kwa wanaopita ufukweni maji yakitoka. Chumvi huvuta unyevu wa hewani. Nguo yenye chumvi utaianika kutwa na jioni bado ina ubichi, kisha uvundo.

Suuza kwanza kwa maji matupu, siku ileile, kabla ya sabuni. Kisha sabuni ya unga kidogo na maji ya baridi, geuza nguo ndani nje, loweka nusu saa, fikicha kwa mkono. Usitumie jiki kwenye nguo ya kubana wala dawa ya kulainisha nguo: ya kwanza hula lastiki, ya pili huacha utando unaozuia jasho kupita. Kwa jezi yenye harufu sugu, siki kidogo kwenye maji ya kulowekea. Wanaoishi pwani ambako maji ya kisima yana chumvi, suuzeni mara ya mwisho kwa maji ya mvua. Masika yanateremka bure kutoka bati, kinga ndoo.

Bukta ya pedi usiikamue kwa kuisokota, sponji hukatika. Iviringe ndani ya taulo, ikanyage, anika kivulini pedi ikitazama upepo.

Koti huoshwa mara chache, kwa sponji na sabuni laini. Likiwa jipya matone huviringika juu yake kama maji juu ya jani la mjimbi, kwa sababu ya dawa iliyopakwa. Yakianza kutanda na kulowesha kitambaa, lisafishe vizuri, lisuuze, na likishakauka, kama lebo inaruhusu pasi, pitisha pasi ya uvuguvugu juu ya kanga iliyotandikwa. Mara nyingi matone huviringika tena. Koti au joho la plastiki usilithubutu na pasi. Zipu zisugue kwa mshumaa.

Hatua ya saba: kuweka

Usikunje nguo yenye ubichi, hata kidogo. Joho lining'inize uwani chini ya ukumbi mpaka likauke pande zote mbili, ndipo uliviringe. Madoa ya kuvu yakiwahi, kamua ndimu, tia chumvi, paka, anika juani saa moja, suuza sana. Jaribu kwanza pembeni, ndimu huchuja rangi. Masika yakiisha, koti lisikae sanduku lililofungwa. Litundike kabatini, na mara moja kwa mwezi lifungulie mlango.

Na ndani ya mkoba wa baskeli, kila siku, viwepo shati kavu, soksi kavu na kitambaa cha kujifutia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku huku kabla hata ya bara kufanya hivyo mwaka 2019, kwa hiyo mimi nilikata tyubu kuukuu ya tairi la lori, upande mmoja nikaubandika kwa gundi ya kuzibia pancha, upande wa pili naukunja mara tatu na kuufunga kwa lastiki. Shati langu halijarowa humo tangu masika ya mwaka juzi, ingawa linanuka mpira kidogo.